Shangazi Ozella Hajahama

Pell Fork, Kaunti ya Ansley
Tarehe 9 Oktoba

Kwa kaka yangu Hollis,

Ninadai, nami nitalithibitisha dai langu kabla sijatia sahihi, kwamba Shangazi Ozella Rainey hajahama upande wa kaskazini wa Barabara ya Sawmill, na kwamba jicho lake la kushoto limetolewa na sheria uliyoipigia kura. Mtu aliyeushika mnyororo ana jina, na nitalitaja. Lakini mnyororo ule ulifuliwa ndani ya Bunge la jimbo, mchana kweupe, na watu waliovaa tai, nawe ukiwa mmoja wao.

Baada ya kulisema hilo, nakusalimu kama inavyonipasa kumsalimu kaka aliyenitangulia kuzaliwa. Natumaini u mzima, na mapacha wako wamepona kile kikohozi. Mkeo Delphine naye namsalimu, ingawa najua hapendi kulisikia jina langu siku hizi, na ana sababu. Sisi huku tu hai. Shangazi anakula, anawatukana manesi, na anauliza inakuwaje hospitali yenye ghorofa zote zile isiwe na mtu hata mmoja anayejua kupika uji wa mahindi. Madaktari wanasema jicho la kulia litabaki. Mkono wake umefungwa bendeji kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

Utaniwia radhi nikieleza hata mambo unayoyajua. Nakala ya barua hii naipeleka kwa mhariri wa gazeti la kaunti, na wasomaji wake hawakuketi nasi mezani siku ya Pasaka.

Siku hiyo ulikuwa unakata paja la nguruwe huku ukitueleza, kwa furaha ya mtu aliyeshinda, kwamba ramani mpya ya maeneo ya uchaguzi imepita. Watu wetu weusi wa kaunti hii wengi wamekusanywa na kushindiliwa katika Eneo lako la 57, kama nguo zinazolazimishwa kuingia sanduku moja, kiasi kwamba wewe huwezi kushindwa tena mpaka uzeeke. Waliosalia, wa kaskazini ya Barabara ya Sawmill, wametupwa katika Eneo la 58, wachache na waliotawanyika, hawana mtu watakayemchagua kamwe. Nilikuuliza watu hao wakimbilie wapi. Ukasema mahakamani, mlango uko wazi. Kisha ukatuambia, kana kwamba ni jambo dogo, kuhusu muswada wa pili mlioupitisha siku ile ile, unaohusu kesi za kupinga ramani.

Sitakupunja haki yako. Ulizitetea hoja zako vizuri. Ulisema si haki mtu wa mbali aje kuivuruga mipaka ya watu asiowajua. Kwa hiyo anayelalamika awe mkazi wa eneo lile lile analolilalamikia, tangu siku ya kufungua kesi hadi siku ya hukumu. Ulisema uchaguzi hauwezi kusubiri wanasheria; kwa hiyo muda wa kufungua kesi uwe mfupi, na ukishapita pasiongezwe jina jipya. Ulisema kesi isikilizwe na jopo la majaji watatu katika mji mkuu, ili asipatikane jaji mmoja mwenye rafiki. Kila hoja, ikisimama peke yake, mtu mwaminifu anaweza kuitetea. Nilikujibu kwamba zikisimama pamoja zinafanya jambo ambalo hakuna hata moja inayolikiri: zinaifunga haki ya maelfu ya watu kwenye kitanda cha mtu mmoja. Mhamishe huyo mmoja, na kesi imekufa bila jaji yeyote kuitazama ramani.

Ulicheka. Ulisema, “Lem, wewe umesoma vitabu, mimi nimesoma watu. Nani atakuja kumtoa mtu kitandani kwake? Hebu pitisha viazi.” Wote mezani wakacheka, na Cortland, shemeji yako, akacheka kuliko wote, akaniita Bwana Shahada, akaniuliza kama kuna shahada ya kupitisha viazi.

Nilivipitisha. Lakini niliyoyasoma hayakuwa vitabu vitupu, Hollis. Baba wa babu yetu alipanda ngazi za mahakama ya kaunti hii kujiandikisha kupiga kura, akaulizwa maswali ya katiba ambayo muulizaji mwenyewe hakuyajua majibu yake, na aliposhuka ngazi zile zile watu walikuwa wanamsubiri na mipini ya mashoka. Nimeitumia miaka yangu ya chuo kikuu kulichunguza jambo hilo moja: kwa nini karatasi ya sheria na mpini wa shoka vilikwenda sikuzote pamoja, na karatasi ikatangulia. Jibu nililolipata ni kwamba karatasi humwonyesha mpigaji mahali pa kupiga.

Nilipokwenda na wakili Marguerite Tolan kutafuta walalamikaji wa Eneo la 58, tuliona jinsi woga unavyoongea. Wengi wanafanya kazi katika kiwanda cha kuku, na mwenye kiwanda alikuwa amekwisha kusema kwamba hapendi watu wa kesi. Wanaume wanaonguruma kinyozini waliumwa migongo wote kwa pamoja. Shemasi mmoja alisema mkewe amemkataza. Mkewe, tulipomkuta dukani, alisema shemasi ndiye aliyekataza. Ndipo tukafika kwa Shangazi. Alikuwa anamenya maharage barazani. Alimsikiliza wakili mpaka mwisho, akajipangusa mikono kwenye aproni, akasema, “Lete hiyo kalamu. Sina bosi, sina mume, na meno yangu yote ni ya kununua. Wataning’oa nini?”

Alikuwa peke yake. Muda ukapita, na kesi nzima ya Eneo la 58 ikawa inalala katika chumba kimoja cha nyumba ya mbao.

Walianza na sanduku lake la barua, wakalitoboa kwa risasi. Yeye akaziba matundu kwa ubani wa kutafuna. Kisha wakamuua mbwa wake, Deuce, wakamning’iniza kwenye uzio kwa waya wa seng’enge, tumbo likiwa wazi. Nilimshusha mimi. Shangazi alimzika kwa koleo lake mwenyewe, hakukubali nimsaidie, na alipomaliza alisema kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba mbwa yule alikuwa mzee, anaharisha, na angekufa wiki hiyo hiyo, kwa hiyo waliofanya kazi ile wamemwokolea risasi. Aliingia ndani, nikamsikia analia nyuma ya mlango wa bafu.

Nyumba ilichomwa Jumapili ya kurudi nyumbani, saa ambayo kila mtu wa Pell Fork, hata aliyehamia miji ya kaskazini, yupo kanisani au anakula kwenye meza za nje kando ya makaburi. Moshi tuliuona wakati kwaya imesimama. Tulipofika paa lilikuwa limekwisha kuingia ndani. Wazima moto wa kujitolea walikuwa wanamwagia maji kile kilichobaki, na mmoja wao, kijana niliyesoma naye, alikuwa ameungua mikono akijaribu kufungua banda la kuku. Kuku walikuwa wanatoka wakiwaka. Nilimshika Shangazi kiunoni kwa nguvu zangu zote, naye akanipiga teke la goti, akanitemea mate, akisema nimwache, nyumba ni yake na ana haki ya kuungua nayo akitaka.

Ripoti ya wazima moto ilisema Shangazi aliacha paja la nguruwe likipikwa jikoni, moto ukaanzia hapo. Hapakuwa na mtu aliyeinama kunusa petroli kwenye majani ya barazani, ingawa mimi niliinusa, na mchungaji aliinusa. Hili la paja lilimuuma Shangazi kuliko majivu. Alimwambia mkuu wa wazima moto mbele za watu, “Nimepika miaka hamsini sijaunguza hata mkate wa mahindi. Leo niunguze nyumba? Kamwambie aliyekutuma aseme radi. Nitasamehe radi.”

Wewe ulifika jioni ile ile. Ulimkumbatia, ukalia, na sina shaka machozi yalikuwa ya kweli, maana alitulea sote wawili. Ulimpa funguo za nyumba yako, ile ya matofali iliyo mkabala, upande wa kusini wa barabara, iliyokuwa haina mpangaji. Kutoka mlango hadi mlango ni mwendo wa kutupa jiwe. Kutoka Eneo la 58 hadi la 57 ni huo huo.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo watu wa mji mkuu hawataliona uzito wake, ila watu wetu wataliona. Kwetu aliyeunguliwa ana desturi yake: hupewa nguo na vyombo ukumbini mwa kanisa, naye hukaa kwa jamaa mpaka nyumba yake isimame tena. Na anayeingia nyumba mpya ana desturi nyingine: kanisa humpelekea ratili. Ratili ya sukari, ratili ya unga, ratili ya kahawa, na kila anayeiweka mezani humwambia mwenye nyumba karibu kwako. Tangu nizaliwe sijaona desturi hizi mbili zikichanganywa. Lakini Jumapili ya pili baada ya moto ulisimama kanisani ukasema Shangazi Ozella ameteseka vya kutosha, hebu tumfanyie siku ya ratili pale alipo, apate kujisikia yuko kwake. Kina mama wakalia kwa furaha. Nani angempinga mheshimiwa mbunge anayelia? Hata mimi, ninayejisifu kwamba nimeisoma sheria ile kifungu kwa kifungu, nilipeleka ratili ya kahawa, nikasema karibu kwako.

Uliushika mkono wa Shangazi mlangoni, ukauinua juu, ukasema, “Hapa ndipo kwako, Shangazi. Hutaivuka tena barabara ile.” Watu wakapiga makofi. Mpiga picha wa gazeti akapiga picha, na namba ya nyumba ikaonekana vizuri juu ya kichwa chake.

Wiki iliyofuata wanasheria wa jimbo waliwasilisha ombi kwa jopo la majaji kwamba kesi ya Eneo la 58 ifutwe, kwa kuwa mlalamikaji wake wa pekee amehamia Eneo la 57, na kanisa zima limeshuhudia. Ushahidi wao ulikuwa picha ile. Wakili Tolan alinipigia simu. Akasema, “Lem, watu wenu wametufunga kamba wenyewe. Tena kwa sukari.”

Nilimweleza Shangazi kwa maneno marefu, kama ilivyo kawaida yangu. Alikuwa amesimama jikoni kwako. Alizima jiko kabla sijamaliza, akachukua kikaango chake kwa mkono mmoja na mto kwa mkono mwingine, akavuka barabara bila kutazama magari, akaketi juu ya ngazi ya saruji ambayo ndiyo pekee iliyosalia ya nyumba yake. Alisema alikwenda kwako kulala, hakwenda kuhamia. Mtu akikukaribisha wakati wa mvua, je, anakuandikia hati ya kumiliki? Nikaazima kwa rafiki yangu nyumba ya magurudumu, ile ya kukokotwa na gari, tukaiweka juu ya majivu. Humo akaishi.

Jumamosi mchana nilikuwa nyuma ya kiwanja nikichimba shimo la choo niliposikia pikapu ikiingia kwa kasi. Walikuwa watu watatu. Wawili siwajui, nyuso zao zilifungwa vitambaa. Wa tatu hakujali hata kujifunika, na ndiye Cortland. Alikuwa amekwisha kupachika mnyororo kwenye nyumba ya magurudumu kabla sijatoka shimoni, akigonga bati kwa kiganja na kupaza sauti, “Mama Ozella! Kaa vizuri humo ndani, leo tunakupa lifti mpaka kwako!” Aliponiona akasema, “Profesa, kaa kando. Tunamrudisha bibi yetu nyumbani. Andika kitabu.”

Pikapu iliondoka. Nyumba ya magurudumu iliruka kutoka juu ya matofali yake, ikakimbia nyuma ya gari ikiyumba, na ndani yake nikamsikia Shangazi anapiga kelele, maana alikuwa anakaanga samaki. Ilipiga nguzo ya sanduku la barua, ikazunguka, ikalala ubavu kwenye mtaro ukingoni mwa lami, kioo cha dirisha kikapasukia ndani. Mnyororo ulikatika kwa mlio kama wa bunduki, ncha yake ikarudi nyuma na kumvunja Cortland, aliyekuwa anakimbia kando kwa miguu, mguu chini ya goti. Pikapu ilisimama, nami nilimfikia dereva kwanza. Nilimpiga kwa koleo kupitia dirishani, nikahisi meno yakiachia. Mwenzake akanipiga mbavuni kwa chuma, mara ya pili begani, nikaanguka, nao wakakimbia na gari, wakamwacha Cortland amelala njiani anawaita kwa majina ya matusi.

Shangazi alitoka kupitia dirisha lile lililovunjika, kwa tumbo, mafuta ya moto yakiwa yamemchuna ngozi ya mkono, na kipande cha kioo kimesimama ndani ya jicho. Nilitambaa mpaka kwake. Alinishika shati akaniuliza, “Lem, niko upande gani?”

Nikamwambia yuko upande wetu. Nyumba ya magurudumu imeingiza pua barabarani, lakini yeye yuko kwenye majani ya kaskazini.

Akasema, “Basi usinisogeze.”

Gari la wagonjwa lilipofika alikataa kuguswa mpaka mmoja wa wahudumu atamke kwa sauti, mbele ya majirani waliokwisha kujaa, ni wapi hasa amemkuta. Kijana yule alitamka. Ndipo akakubali kubebwa.

Kabla ya gari kufika lilitokea jambo ambalo hujaambiwa, maana Cortland hawezi kusema na mimi nilikuwa sijataka. Shangazi aliponiambia nisimsogeze, nilimwacha pale nikaenda alipolala shemeji yako. Nilimkalia kifuani, nikampiga ngumi ya mdomo, nikamuuliza nani alimtuma kuchoma nyumba. Alicheka, damu ikimtoka mdomoni, akasema hakuna aliyemtuma. Alisema, “Kaka yako alisema tu mezani kwake, yule mama akivuka barabara, kesi imekwisha. Mimi nikamvusha. Na ile ratili ni yake mwenyewe, mpiga picha kampanga yeye, asimame wapi. Mbona unanipiga mimi? Nenda kampige Hollis.”

Hakuwa anapigana tena. Mguu wake ulikuwa umevunjika na mikono yake ilikuwa wazi. Nikampiga kwa ubapa wa koleo usoni, nikampiga tena, na taya lilipovunjika niliusikia mlio wake, nikaendelea. Shangazi alikuwa anapaza sauti kutoka mtaroni, “Lem, inatosha! Lem!” Nilimsikia vizuri sana. Nilimpiga kwa sababu nilimwamini, na kwa sababu wewe hukuwepo.

Sitajificha nyuma ya hoja. Nimeandika kurasa nyingi kuthibitisha kwamba sheria mbaya huwapa watu mpini. Sikujua mpini ule unavyokaa vizuri mkononi. Nimejipeleka mwenyewe kwa mkuu wa polisi wa kaunti, kanisa limenidhamini, na siku yangu ikifika nitakiri kosa. Usinitafutie wakili. Hatia yangu ni yangu, wala haiipunguzi yako hata kidogo.

Hukuchoma nyumba, na mimi sidai kwamba uliagiza ichomwe. Ninadai kwamba uliweka sheria inayogeuza paa la mlalamikaji kuwa shabaha. Kwamba ulilisema hilo mezani mbele ya mtu unayejua jinsi anavyokutii. Na kwamba paa lilipoanguka, ulimalizia kwa sukari kazi iliyoanzwa kwa petroli. Kama nimekosea popote, nionyeshe mahali.

Majaji watatu watalisikiliza ombi la kuifuta kesi tarehe ishirini na moja, katika mji mkuu. Swali lao ni moja tu, kama Shangazi alihamia nyumba ile ya matofali au alilala humo kama mgeni. Wakili Tolan ameniambia, nami nakubaliana naye, kwamba mwenye nyumba ndiye anayeweza kulijibu kuliko mtu mwingine yeyote, na mwenye nyumba ni wewe. Ukisimama ukasema ulimpa hifadhi, kesi inaishi, na pengine kiti chako kinakufa. Ukikaa kimya, picha itasema badala yako.

Usinipigie simu. Usimtume mchungaji, wala usije hospitalini na maua. Shangazi ameapa atakurushia kwa mkono ulio mzima. Nisalimie mapacha, uwaambie baba yao mdogo anawapenda. Mwambie Delphine kwamba kwa taya la ndugu yake namwomba msamaha, bila kulitafutia neno la kulipunguza. Wazee wa kanisani wanakusalimu kwa adabu ile ile ya siku zote, na wanangoja.

Nami ninangoja pamoja nao, jibu lililosemwa mbele ya majaji watatu, au lililochapishwa katika gazeti hili kwa jina lako kamili, watu wote wakisikia: siku ile ulipouinua mkono wa Shangazi mlangoni, ulikuwa unamkaribisha au ulikuwa unamhamisha?

Mdogo wako,
Lemuel Rainey